Kumshikia Mohinder Kilemba

Jumanne, 10 Oktoba 2023

Landani nishaiweza. Leo nimetoka Ilford hadi Southall peke yangu, sikumuuliza mtu njia.

Uongo huo. Nimeuliza kila mwenye sare, na mmoja kumbe mlinzi wa duka. Nimeshuka Ealing kwa makosa, nikapanda tena. Lakini nimefika!

Mohinder alikuwa kanisubiri stesheni. Ndevu nyeupe pe. Kiswahili chake bado kile kile cha gereji ya babake, Mombasa, nilikomkuta nilipokimbia Unguja baada ya mapinduzi. Tangu ahamie huku sitini na nane, tumeishi kwa barua, kisha simu.

"Matar, umekuwa mfupi."

"Wewe toa kilemba tupimane."

Tukatembea madukani. Nikamshika mkono. Mombasa tulishikana mchana kweupe, mbele ya askari, hakuna aliyegeuza shingo — wanaume wote walishikana, nani angejua letu ni jingine? Leo akauchomoa. Eti hapa watu wanaelewa. Ajabu ya nchi hii: ruhusa ya serikali ipo, mkono haupo. Nikacheka. Kimoyomoyo sikucheka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Balaa. Abdulwakil, mtoto wa ndugu yangu, mwenye nyumba ninayolala hapa Ilford, kapata habari. Mtu kamwambia msikitini: ami yako kaonekana Southall, kamshika Kalasinga mkono.

"Ami, mimi nina heshima yangu hapa."

"Nami nilikuwa hivi kabla babako hajatahiriwa."

Mkewe kakimbilia jikoni, mtandio mdomoni. Najua kicheko nikikisikia. Mumewe hakucheka. Kesho anataka chumba chake. Nirudi Mombasa mapema, tiketi atanibadilishia mwenyewe.

Sirudi. Tiketi yangu ni ya mwisho wa mwezi. Miaka yote hii nimengoja kuonana na mtu, nikamwone siku moja tu? Nina sanduku, nina miguu, na kadi ya treni ina salio.

Ijumaa, 13 Oktoba

Gurudumu la sanduku limekatika ngazini. Nimelikokota kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

Mohinder kafungua mlango, kaniangalia, kaangalia sanduku. Kaniingiza. Lakini anaishi na mwanawe, Kuldip. Kamwambia mimi rafiki wa zamani, hoteli imekosea tarehe zangu, nalala usiku mmoja tu.

Hoteli gani? Mimi tangu nizaliwe sijalala hoteli.

Kanipa kichumba cha juu. Ukuta wake na wangu ni mmoja. Anakoroma!

Jumamosi, 14 Oktoba

Usiku mmoja umekuwa miwili. Nimepika kuku wa nazi. Kuldip kala sahani mbili, kalamba vidole, kisha kauliza hoteli yangu iko mtaa gani. Nikamtazama babake. Babake akatazama mchuzi.

Jumapili, 15 Oktoba

Wanakwenda gurdwara, hekalu lao. Kuldip kanitafutia hoteli kwenye simu, kalipa kabisa. "Anko, tutakushusha njiani." Mtoto ana adabu, siwezi kumtukana. Sanduku langu kalishusha mwenyewe, liko mlangoni. Mohinder kasikia yote, kapanda juu kuvaa.

Nikamfuata. Nimemkuta anahangaika na kitambaa cha kilemba, kirefu kama uchochoro. Lazima kivutwe na kukunjwa na watu wawili. Kuldip kanyoa nywele zake, hafungi kilemba, kazi hiyo haijui. Tangu mkewe afe, mzee huyu hufunga ncha kwenye kishikio cha mlango.

"Kalasinga mzima unasaidiwa na mlango," nikamwambia. "Lete."

Kasita. Kisha kanipa ncha.

Tukavuta. Tukakunja, tukavuta tena, yeye dirishani, mimi mlangoni. Tukasogeleana tunakunja, mpaka tukakutana. Hakurudi nyuma. Kuldip kachungulia, katuona tulivyosimama, kashuka kuwasha gari.

Sasa Mohinder yuko mbele ya kioo, anazungusha taratibu. Mimi nimekaa kitandani kwake, naandika. Chini gari linanguruma. Kuldip anaita, "Dad!" Mara ya pili hii.

Nimemwambia kwa Kiswahili, ambacho mwanawe hakijui:

"Bwana we, nimekushikia kilemba. Nawe nilipe kadogo tu. Fungua dirisha hilo, mwambie mtoto arudishe sanduku langu juu."