Pua ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Na huyo mgeni wetu mdogo, ambaye mpaka sasa tumemwona kwa picha tu, ameshaanza kuwaacha mlale, au bado ndiye mwenye nyumba? Sisi huku ni wazima. Baba mzima, Shangazi mzima yeye na ulimi wake, nami mzima. Kwa kawaida neno hilo huandikwa kujaza mstari, lakini leo nimelirudia makusudi, kwa sababu Alhamisi iliyopita ilibaki kidogo tu nisiweze kuliandika.

Usishtuke, soma taratibu. Ningeweza kukupigia, lakini unazijua simu za nyumba hii: anayezungumza mmoja, wanaosikiliza wote. Yapo ambayo Baba asingependa nikueleze, na mengine ambayo Shangazi angekueleza kabla yangu, tena kwa nyongeza.

Kwanza nikuombe jambo. Msije wiki hii. Najua Baba amekwambia chumba kiko tayari na mjukuu wake aletwe. Chumba hakiko tayari. Mje wiki ile nyingine, na sababu ndiyo hii.

Baba aliamua mlale katika lile jiko la zamani la nyuma, kwa kuwa ndipo penye utulivu. Unazikumbuka kuta zake. Mama alipika humo kwa kuni utoto wetu wote, na moshi uliingia ukutani ukahamia. Tulipaka rangi ya maji, nyeupe, ikakauka vizuri, na kesho yake masizi yakawa yametokeza tena, manjano kama chai ya maziwa. Tukarudia, nayo yakarudia. Baba akasema dawa ya doa kaidi ni praima ya tina, rangi ya kwanza isiyochanganywa na maji, ile inayoufunga ukuta kabisa, doa na harufu vikabaki humo humo. Hapo alikuwa sahihi. Mimi ni fundi mwenzake tangu nilipomaliza shule, na katika mambo ya kuta simbishii.

Ila praima hiyo si ndugu wa rangi ya maji. Mvuke wake unalewesha, na haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, na ukikutana na moto unarudi nao mpaka kwenye kopo. Yote hayo yameandikwa kwenye kopo lenyewe, na mchoro wa moto umewekwa kwa wasiopenda kusoma. Baba husema yeye alianza kupaka rangi kabla makopo hayajajifunza kuongea. Kanuni zake unazijua: kitambaa puani, glasi ya maziwa kabla ya kazi eti inasafisha kifua, na pua yake ndiyo kipimo. Akisema harufu imezidi, tunatoka. Akisema bado, tunaendelea. Nilikuwa nashangaa kwamba siku hizi hasemi kamwe kuwa imezidi. Nikadhani ndio ukongwe wa ufundi.

Siku hiyo walikuwa wanachimba mtaro barabarani, vumbi tele. Baba hakuitwa Mzee Laini kwa ajili ya moyo wake. Ni kwa ajili ya kuta, na punje moja ya vumbi katika praima mbichi humkosesha usingizi. Nilipokwenda dukani kununua rola, alifunga dirisha, akaziba pengo kwa gazeti, akapanda ngazi akaanza dari.

Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Getini, Kaka, si mlangoni. Niliingia mbio nikamkuta Shangazi mbele ya jiko la gesi, karibu kabisa na mlango wa kile chumba, sufuria ya chai imeshatengwa. Njiti ya kwanza ilikuwa imekatika kichwa, naye alikuwa anatafuta ya pili. Sikumwamkia. Nilimpokonya kiberiti nikakitupa uani, nikamwambia atoke nje na asiguse kitu. Baadaye alinieleza kwamba hajawahi kupokonywa kitu na mtoto aliyembeba mgongoni. Anasema harufu aliisikia, sana tu, akamwuliza Baba mlangoni, naye akamjibu kwa sauti kuwa hakuna harufu yoyote, ni mawazo yake. Basi nani abishane na fundi?

Baba alikuwa juu ya ngazi, anaimba. Hajaimba tangu Mama alipofariki. Brashi yake ilikuwa inapaka hewa, haigusi hata dari. Nilimwita ashuke, akacheka, akaniambia nina haraka kama mama yangu. Nikapanda nikamshika kiunoni, na jinsi tulivyoteremka mpaka leo siijui. Sikugusa swichi ya taa, maana cheche ya swichi nayo ni moto. Nilimburuta mpaka uani, nikabana pumzi, nikarudi kulichana lile gazeti na kufungua kila kinachofunguka. Nilipotoka tena, Baba alikuwa anatapika maziwa yote, na Shangazi anamshika kichwa huku akimgombeza.

Jirani mwenye gari alitukimbiza zahanati. Walimwekea hewa ya oksijeni, nami nikaketi kwenye benchi nikiwaza ni kwa maneno gani nitakupigia simu. Kisha nikasikia anamlalamikia mganga kwamba ukuta wa chumba kile cha wagonjwa umepakwa na mtu mwenye haraka, alama za brashi zinaonekana kutoka kitandani. Hapo nikajua baba yetu amerudi. Nilitoka nje nikalia, nikacheka, nikalia tena. Kaka, sijawahi kufurahia lalamiko kama lile. Mganga alisema mapafu yako salama na tumeponea chupuchupu.

Kazi nimeimaliza mwenyewe, dirisha na mlango wazi, barakoa ya vichujio usoni, glavu mkononi, gesi imefungwa na umeme umezimwa kwenye swichi kuu. Vumbi liliingia na punje zimenasa ukutani, utaziona ukilala ubavu wa kushoto. Vitambaa vya kufutia nilivitandaza nje mpaka vikakauka, sikuvirundika kama zamani. Doa halijarudi. Lakini mvuke bado unatoka, na mapafu ya mtoto si ya kujaribia. Tunasubiri uishe kabisa, na sasa mpimaji ni Shangazi. Kila asubuhi anaingia, ananusa pembe zote kama anayetafuta mwizi, anatoka na kutangaza hukumu. Cheo kimempendeza mno.

Sasa nifikie lile hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Mganga alimwuliza Baba kwa nini hakutoka harufu ilipomzidi. Baba akajibu kwamba harufu haikuzidi. Mganga, mama mmoja mpole, akamwambia afumbe macho, akamwekea pamba yenye spiriti puani, akauliza ni nini. Baba akasema sabuni. Mganga akaondoa pamba, akaweka kiganja kitupu. Baba akasema spiriti. Kisha akafumbua macho, akaniona, akatazama ukutani.

Kaka, baba yetu hanusi. Ni miaka. Alisema ilimtoka kidogo kidogo, na alipogundua ilikuwa imeshakwenda yote. Alificha kwa kuogopa kwamba tutamnyang'anya brashi.

Ndipo nikaikumbuka chupa ya manukato uliyomtumia ulipopata kazi. Ulimwuliza kwenye simu yananukiaje, naye akakujibu kwamba chupa ni nzuri. Tangu siku hiyo simu zako zimekuwa za salamu na kwaheri. Nami nilimkasirikia kwa ajili yako. Hukujua, na mimi sikujua, kwamba alikusifia kile tu alichoweza kukiona.

Na jingine hulijui. Kila siku unayoahidi kupiga simu, Baba huvaa shati safi na kujipaka manukato yako. Mwanzoni alijimwagia hadi kola ikalowa, Shangazi akamwambia ananukia kama maharusi watatu. Siku za karibuni sikuyasikia tena, nikadhani ameichoka zawadi. Jumapili nilimkuta anaongeza maji ndani ya chupa, polepole, isije ikaisha kabla hujaja. Yaliyobaki humo ni maji matupu, naye hajui.

Basi ukija, lete nyingine ya aina ileile. Usimwulize inanukiaje. Mpe mtoto ampakate, ukae karibu yake, inatosha.

Shangazi anawasalimu na anasema mapema wiki ijayo atatoa hukumu ya mwisho. Baba anawasalimu pia. Anaamini nakuandikia kuhusu rangi ya dari. Mbusu wifi, na huyo mdogo mpe habari kwamba chumba chake kinamsubiri, madirisha wazi.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba