Sindano Hazikukata Kano

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na lile goti limepunguza makelele. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unatokota. Ukiona mwandiko umepinda, jua ni hasira, si haraka.

Najua maneno yameshakufikia. Umeambiwa kwamba kitinda mimba wako amelazwa, kano ya kisigino imekatika, na aliyeikata ni kaka yake wa damu kwa sindano zake. Mama, ni uongo! Sindano za tiba yangu ni nyembamba kama unywele. Huwezi kukatia hata uzi, sembuse kano ya mchezaji wa mpira wa wavu anayeruka kila siku.

Sikiliza ilivyokuwa. Wiki tatu nzima kisigino kilikuwa kikimsumbua. Alhamisi akaja kwenye chumba changu pale uwanjani, kile cha nyuma ya bafu za wachezaji, chenye kitanda kimoja na feni inayolia. Nilimchoma sindano nane, kwenye shavu la mguu na kuzunguka kifundo, akalala nazo nusu saa huku akinitania kwamba namgeuza nungunungu. Aliposhuka kitandani alitembea bila kuchechemea. Nikamwonya kwamba maumivu huondoka kabla jeraha halijapona, kwa hiyo siku kumi asiruke. Sindano hutuliza, kuunga kano ni kazi ya mapumziko na mazoezi ya taratibu. Kocha naye nilimwambia siku ileile, akaitikia kwa kichwa huku akichezea filimbi yake.

Jumamosi ilikuwa fainali, na kocha akampanga. Seti ya pili aliruka kuzuia mpira, na aliposhuka ukasikika mlio. Akageuka nyuma kutazama nani amempiga teke. Hakukuwa na mtu.

Sasa kocha, bila haya, amewaambia viongozi kwamba sindano ndizo zilizoilegeza kano. Mtu huyohuyo aliyekuwa akiniita Fundi Cherehani, leo ndiye bingwa wa sindano! Chumba changu wamekifunga, kitanda wamekitupa koridoni, na kamati ya timu imeniita Jumatatu ijayo. Nimeangushiwa jumba bovu, Mama, na aliyelijenga anatembea kifua mbele.

Ila nikiishia hapo nitakuwa nakudanganya, na mficha maradhi kifo humuumbua. Timu yetu ina fomu: mchezaji aliyeumia hagusi mpira mpaka anayemtibu atie sahihi. Jumamosi asubuhi kocha aliniletea fomu hiyo mbele ya wachezaji wote. Alinivutia kiti, akaniita daktari, akasema mikono yangu ndiyo imeiokoa fainali. Miaka mitatu nimechekwa pale, Mama. Mdogo wangu alinitazama, akisubiri nimwambie kama anaweza.

Nilitia sahihi.

Jumatatu nitalisema hilo kabla hawajaniuliza, na la kocha pia nitalisema, hata akinikazia macho. Lakini mdogo wangu nimeshamwambia, jana mchana. Mpaka jana alikuwa akinitetea kwa kila muuguzi aliyeingia wodini. Aliposikia hakulia, wala hakunitukana. Aliniomba tu nitoke nje.

Njoo, Mama. Sikuiti uje kunitetea. Mguu wake umefungwa plasta mpaka gotini, hawezi kwenda chooni bila kushikwa, na mkono wangu ameukataa.

Msalimie sana Baba, na shangazi pia. Wakikuuliza mwenye kosa ni nani, waambie tuko wawili.

Ni mimi mwanao wa kwanza.