Ndege wa Miguuni pa Ng'ombe

Mwangaluka Baba,

Leo asubuhi hapa Lamadi tulikuwa tunahesabu wale ndege wadogo wa kifua cha njano wanaokimbia baridi ya Ulaya. Kiongozi wetu akaona ng'ombe wanamzibia asione, akaamuru wafukuzwe. Ng'ombe wakaenda, na ndege wote wakawafuata! Nikamwambia awarudishe, maana ndege wanakula wadudu wanaorushwa na kwato. Waliporudi nikahesabu kama ulivyonifundisha mlangoni mwa zizi: kila kumi, kokoto moja mfukoni. Wenye darubini walikuwa bado wanabishana mimi nimeshamaliza.

Kiongozi akauliza nimesomea chuo gani. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Kijijini Shishiyu, nyuma ya ng'ombe wa baba yangu."

Msalimie Mama. Kokoto nakuletea, najua utazihesabu upya.

Binti yako,
Kabula