Kipande cha Mpira

Jumatatu, 5 Februari

Nimeamka saa kumi na moja. Elia kanyonya upande mmoja, wa pili kaukataa. Nimekamua kikombe nikamwachia mama. Uji wa uwele, chai ya rangi, nikatoka.

Kituoni gari kwanza, watu baadaye. Oili sawa. Maji sawa. Tairi ya nyuma kushoto inapungua pole pole. Mwaka wa pili huu mimi ni dereva wa kituo cha afya, na watu bado wanachungulia kioo kuhakikisha kama kweli ni mwanamke.

Jana kamba ya neti ya Elia ilikatika. Nimetafuta nyumba nzima, hakuna kamba ya maana. Jioni nafunga boneti nikaona kile kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mpira wa mkonga, lile bomba la hewa la kuvukia maji. Klipu ya chuma ilivunjika mwaka jana, Fundi Issa akazungusha tyubu mara sita akakaza. Tangu hapo imeshika. Kirefu, kizuri, kinavutika. Nimekifungua. Mvua haijanyesha wiki tatu, mkonga wa nini kwenye vumbi. Nitaleta kingine kesho.

Nimefunga neti. Elia kalala ndani yake kama bwana mkubwa.

Jumanne, 6 Februari

Kutwa nzima Mpwapwa kuchukua dawa. Kipande kingine sijapata. Sijatafuta, niseme ukweli.

Jumatano, 7 Februari

Nimezamisha gari.

Niandike vizuri, labda nitatulia. Tulikwenda kuchanja watoto kijiji cha ng'ambo, mimi na Sista Leah. Asubuhi tulivuka mto ukiwa mchanga mtupu. Kina mama walikuwa wanachota maji kwenye visima walivyochimba humo humo mtoni. Niliwapungia. Saa tisa tunarudi, jua kali, wingu hakuna, na mto umejaa maji. Mvua ilinyesha milimani huko, sisi hata tone.

Nilishuka nikapima kwa fimbo, kama Fundi Issa alivyonifundisha. Maji mapajani. Kanuni yake ni moja: yakifika mapajani, zima gari, kaa, subiri yapungue. Maziwa yalikuwa yananichuruzika kwenye blauzi. Kifua kizito kama mawe. Sista Leah kasema tungoje. Nikamjibu, "Gari lina mkonga, Sista. Shika boksi la chanjo."

Mkonga ndio unaoifanya injini ivute hewa kule juu ya paa hata boneti ikizama. Mkonga ambao mpira wake umekazwa.

Katikati tairi la mbele likatumbukia kisimani. Visima vile vile nilivyovipita asubuhi. Pua ikazama, maji yakapanda hadi kwenye kioo. Injini ikakohoa mara moja, ikazima. Hapo ndipo nikaikumbuka neti.

Fundi alinifundisha na hili: gari likizima majini, usiguse ufunguo. Niligusa. Mara mbili. Mara ya pili kitu kikalia tak, ndani kabisa.

Wafugaji wametuvuta kwa ng'ombe wanane. Wamecheka kidogo, wametusaidia sana. Sista Leah alipokwenda kutafuta mtandao, nilifungua boneti nikatoa chujio la hewa. Limemwaga maji kama tambara la kudekia. Nimelikausha kwa khanga ya kumbebea Elia, na kasha lake nikalifuta mpaka likang'aa. Lori la mchanga limetuburuza hadi kituoni.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 8 Februari

Alfajiri nimekifungua kile kipande kwenye neti. Neti imemwangukia Elia usoni, kaisukuma kwa mkono, kaendelea kulala. Nimekimbia kituoni kabla ya watu. Nimekizungusha kwenye mpira wa mkonga mara sita. Nimekipaka tope ili kionekane hakijaguswa. Hilo la tope sikufundishwa na mtu.

Fundi Issa kafika saa tatu kwa bodaboda, kofia yake kichwani, boksi la spana mapajani. Nimempa shikamoo. Kaitikia, kalitazama gari, kanitazama mimi.

"Nyie Wagogo, mvua imewasusa wiki tatu, ndio ukaamua kuifuata mtoni?"

Watu wamecheka. Nami nimecheka. Yeye Mrangi wa Kondoa, utani kwake ndiyo salamu.

Kisha kaacha utani. Kapitisha kidole kwenye mpira wa mkonga, kotekote. Kaufungua mfuniko wa chujio. Pakavu.

"Huku ni salama. Uliwasha ukiwa ndani ya maji?"

"Hapana, Fundi."

Sista Leah alikuwa mlangoni. Alikaa pembeni yangu garini, aliniona. Kanitazama, kisha kaangalia ndala zake.

Fundi hakuuliza mara ya pili. Huyu ndiye aliyeniombea kazi hii. Alisema mbele ya kamati yote, huyu binti ana sikio la injini, mpeni gari. Leo kasikia neno langu na limemtosha.

Kamwaga oili. Imetoka kama chai ya maziwa. Kasafisha, kaweka mpya. Kamwaga maji kwenye chujio la dizeli. Kakausha nyaya. Kutwa nzima kwenye jua. Nimemshikia spana. Nilikuwa namsaidia kutafuta kitu nilichokificha mwenyewe.

Ijumaa, 9 Februari

Limewaka. Watu wamepiga makofi. Mimi nimesikia kabla ya makofi kuisha. Linatetemeka, linagonga, moshi mweupe. Injini ina silinda sita, lakini zinazofanya kazi ni tano.

Fundi kalegeza moja moja paipu za nozo, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, gari likiwa linanguruma. Akilegeza ya kwanza, mngurumo unashuka. Ya pili, unashuka. Ya tatu vilevile. Ya nne, hakuna kitu. Namba nne ndiyo mgonjwa. Kachukua nozo ya nne kaipeleka kwenye moja, ya moja kaileta kwenye nne. Kama ubovu ni nozo, utahama nayo. Haujahama.

Kaenda swala ya Ijumaa. Karudi. Kakaa juu ya boksi la spana, mikono magotini.

"Sielewi," kasema.

Miaka yote ninayomfahamu sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nilitaka ardhi ipasuke.

Elia usiku kucha analia. Neti naishikilia kwa pini mbili, kila mara inaanguka.

Jumamosi, 10 Februari

Hali mbaya. Asubuhi kaletwa mama mjamzito kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka ng'ambo. Walitoka kwao gizani. Siku zote mimi ndiye ninayemfuata mtu kama huyo, nusu saa tu. Kajifungua salama, mtoto wa kike. Lakini nimeuona uso wake aliposhushwa, tope hadi kwenye nywele. Wifi yake kaniuliza kwa upole kabisa, "Gari letu linaumwa nini, dada?"

Letu. Nimesema sijui.

Mchana Dokta Rehema, mkuu wa kituo, katuita uani. Si mtu wa kuzunguka. Kamwambia Fundi mbele yetu wote: siku tatu, baba yangu, na gari bado. Jumatatu maliza ulichoanza, ukishindwa nitaita fundi mwingine kutoka Dodoma mjini, na gari letu litakuwa kwake. Labda macho yamechoka, si kosa lako, ni umri.

Fundi kasema, "Sawa, Dokta." Hakujitetea. Ameshika magari ya kituo hiki tangu mimi nikiwa darasa la nne.

Mimi pia nimenyamaza. Nilisimama palepale nikanyamaza. Kuzamisha gari ni ajali, kila dereva anaweza. Kunyamaza kule hakukuwa ajali.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani sikuimba. Mdomo ulikataa.

Elia kaumwa na mbu uso mzima. Jicho la kulia limevimba. Mama kauliza ule mpira wa neti umekwenda wapi, ulikuwa unashika vizuri. Nimemwambia umekatika. Uongo kwa Fundi, uongo kwa wifi wa yule mzazi, sasa kwa mama yangu, mtoto akiwa mapajani pake.

Baba Elia kapiga simu kutoka Msalato kwenye ujenzi. Kauliza habari za gari. Nimesema liko kwa fundi. Kasema pole, si kosa lako. Nimekata simu nikasingizia mtandao.

Nimemnyonyesha Elia mpaka kashiba. Nimempaka mafuta kwenye vipele. Nimemwambia: mama yako ni mwongo, lakini kesho haitakuwa hivyo. Kanipiga kofi la pua, kacheka.

Kesho nasema.

Jumatatu, 12 Februari

Nimesema.

Nilimkuta Fundi anapanga spana kwenye boksi, moja moja, kila moja anaifuta. Kumbe kaja kuaga, si kutengeneza. Nikasema kwa haraka nisije nikarudi nyuma: Fundi, maji yaliingia kwenye hewa. Kile kipande cha mpira nilikichukua mimi nikafunge neti ya mtoto, nikakirudisha asubuhi kabla hujaja, nikakipaka tope. Na niliwasha majini. Mara mbili. Mara ya pili kuna kitu kililia.

Kaendelea kuifuta ile spana muda mrefu. Kisha:

"Siku zote hizi naliuliza chuma, kumbe jibu unalo wewe."

Basi. Hakupaza sauti. Bora angenitukana.

Kavua koti, kafungua kichwa cha injini. Hadi alasiri kilikuwa chini. Kazungusha injini kwa spana, kaniita nione. Pistoni zote zikifika juu zinalingana, ya nne haifiki. Inapungua kwa unene wa sarafu. Maji hayabanwi kama hewa. Nilipowasha, pistoni ilikutana na maji, ule mkono wa chuma unaoibeba ukapinda. Konrodi. Fundi kasema angejua Alhamisi, angefungua huku siku ileile, wala tusingesumbua nozo. Kasema tu, kama anayesoma kipimo.

Nimekwenda mwenyewe kwa Dokta Rehema. Fundi hakunituma. Nimeomba Fundi na Sista Leah wawepo, maana Fundi alidharauliwa mbele ya watu. Nimerudia yote, pamoja na tope. Hapo kwenye tope nikamalizia kwa kunong'ona.

Dokta kamgeukia Fundi kwanza. "Nisamehe, baba. Niliyoyasema juu ya umri nayafuta." Kisha mimi. Nisiguse gari hadi mwisho wa Aprili. Nitakuwa kufulia, mashuka ya wodi. Aprili atanitazama upya, hakuahidi. Kasema kuzamisha gari kungeishia kwenye barua ya onyo tu; hii ni adhabu ya uongo. Nimesema asante, Dokta. Nilimaanisha.

Sista Leah kanifuata nje. Kasema naye hakulala siku zote hizo. Tumekaa pamoja kwenye ngazi.

Alhamisi, 15 Februari

Mashuka thelathini. Mikono imechubuka kwa sabuni. Dereva wa muda ni kaka mmoja wa Mpwapwa, ataanza gari likipona. Kwa sasa bodaboda inabeba chanjo.

Fundi anapita uani kwenda kwenye gari. Namwamkia. Anaitikia marahaba, anapita. Hana utani. Sikujua utani wake ulikuwa mkubwa kiasi gani kwenye siku yangu mpaka ulipokatika.

Mama nimemweleza. Baadaye kaniwekea mlenda mwingi kuliko wake.

Jumatatu, 19 Februari

Mvua kubwa. Kila mtu anafurahi. Konrodi imefika na treni. Nimeiona kwa mbali ikifunuliwa kwenye gazeti.

Neti bado naifunga kwa kipande cha khanga. Inalegea kila usiku.

Alhamisi, 22 Februari

Nilikuwa naanika. Gari likawaka.

Niliacha shuka mkononi linadondosha maji. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Zote. Laini, kama mtu anayepumua amelala.

Fundi kaita kutoka uani, "Mama Elia! Njoo usikilize." Nimekwenda na mapovu mikononi. Kafungua boneti, kasogea pembeni, kanipa nafasi. Nimeinama. Nimesikiliza muda mrefu, nikamwambia namba nne iko vizuri ila feni beti, ule mkanda wa feni, inapiga kelele kidogo. Kaikaza. Hakusifu, hakutabasamu. Lakini aliniuliza mimi.

Kwenye mpira wa mkonga kuna klipu mpya ya chuma. Inang'aa.

Nilipogeuka niondoke kanikabidhi kitu kimekunjwa kwenye karatasi. Kile kipande cha tyubu. Kakiosha, tope lote limetoka.

"Peleka nyumbani. Huku hakihitajiki."

Nimekipokea kwa mikono miwili. Nimerudi kwenye mashuka.

Jioni nimefunga neti. Imekaza. Elia yuko ndani, ameshika mguu wake mwenyewe. Vipele vimekauka, vimebaki vidoa vyeusi vidogo. Nikikiangalia kile kipande kule juu bado naona aibu. Nitakuwa nakiona kila usiku.

Sawa.