Mluzi kwa Bwana Jusab

Bondeni, Mombasa
9 Aprili 1942

Kwa Mjomba Gaffar,

Salamu nyingi. Nitakueleza yote, sifichi. Mdogo wangu Hajra ameota meno mawili, anamuuma Mama akinyonya.

Baba akifungua ile redio uliyomuundia, redio ya jirani yetu, Bwana Jusab, hupiga mluzi unaotetemeka. Jana Bwana Jusab alinifokea dirishani: "We Akila! Babako anawapelekea Wajapani habari? Nawapa wiki moja, kisha polisi!"

Baba alicheka, lakini akafunga mlango. Nikamchungulia. Kila alipozungusha kitufe kutafuta stesheni, mluzi kwa jirani ulipanda. Sijamwambia mtu.

Mjomba, nijibu kwa posta ya kwanza: redio ya kusikilizia tu yaweza kuiliza ya jirani, au Baba anapeleka habari?

Mpwa wako,
Akila