Saa ya Abeli

Swalihu, wallahi haya ni kweli tupu, sijaongeza hata chumvi. Usicheke. Leo usicheke.

Ile saa ya kijeshi niliyonunua mtumbani Chang'ombe, ile nene ya kijani iliyochomoka pini ya mkanda. Nimeifunga na uzi, nikaenda nayo kijiweni kunywa kahawa.

Wakauliza nimeitoa wapi. Ningesema mtumbani, yangeisha! Mimi nikasema nilikuwemo kwenye lile basi lililopinduka njia ya Kondoa, askari kijana akafia mikononi mwangu, akaivua, akasema, "Mzee, itunze."

Restuta wa vitumbua akaja, akanishika mkono, akaigeuza saa.

"Msalaba huu nilimchorea Abeli wangu kwa msumari alipoanza jeshi. Maiti yake ililetwa kutoka kwenye basi hilo bila saa. Mzee, aliniachia neno gani?"

Mwanawe, Swalihu! Kila siku tunakula vitumbua vyake, hatujawahi kumuuliza habari zake.

Aliniachia neno gani! Neno moja tu. Mdomo huu unaoujua nikauficha kwenye kikombe cha kahawa.

Akanitazama. "Hukuwemo."

"Sikuwemo, mama. Nimeinunua."

"Kumbe alikufa peke yake."

Kumbe alikufa peke yake. Akarudi kwenye kikaango chake.

Nimekwenda kwa fundi, nimelipia pini na mkanda mpya, sasa hivi nimempelekea. Ameivaa, akaendelea kukaanga. Nikaomba kitumbua kimoja.

Akasema vimekwisha.

Beseni lilikuwa limejaa, Swalihu.