Pingamizi la Shangazi Maud

Bryony, uko wapi?

Leo kasisi katangaza ndoa yangu na Rupert kanisani kwa mara ya mwisho. Akauliza kama kawaida, nani ana pingamizi. Hakuna mtu hujibu swali lile! Hakuna!

Shangazi Maud akasimama.

Shangazi yangu mwenyewe! Kofia kichwani, mkoba kwapani. "Ninalo mimi. Akichukua jina la mume, akina Lichward tumekwisha."

Watu wakacheka. Kasisi akamwambia kwa upole kwamba jina kufa hakuzuii ndoa. Shangazi hakuketi ng'o. "Enzi za babu yangu tulikuwa mia tatu Uingereza nzima. Leo tumebaki wawili, mimi na huyu. Wengine wote wako hapo nje, chini ya nyasi."

Kicheko kikakatika, shoga.

Si unajua maana ya jina letu? Mlinzi wa maiti. Mababu zetu ndio waliokesha na wafu wa kijiji hadi wazikwe. Na kwetu mila haijafa: Lichward hukeshwa na Lichward.

Nikamfuata nje nimfokee. "Shangazi, umeniumbua!"

Hakugomba. Akanishika kidevu. "Baba yako nilimkesha mimi. Mimi utanikesha wewe. Na wewe je, mwanangu?"

Wenzangu wamekwenda kula, Rupert anapiga simu, sipokei. Nimekaa hapa makaburini, na kila jiwe ninalolitazama lina jina langu.